Si Goti, ni Kifundo

Ngwale alimleta Temeke ndani ya kreti ya soda,
kwarara mweupe, shingo nyeusi kama bomba la masizi,
kutoka bwawa la nne la majitaka, Vingunguti,
ambako mji hushusha kila ulichokula
na kukisahau.

"Goti limevimba," akasema.
Nikamjibu: si goti, ni kifundo.
Goti la ndege limejificha juu, ndani ya manyoya,
kama mtu mwenye haya aliyekaa nyuma msibani.
Hiki unachokiona kikikunjika kinyume
ni kisigino kilichokataa kugusa chini.

Ngwale akacheka.
"Kumbe hata ninapochechemea sipajui."

Uzi wa rasta.
Niliuvuta kwa koleo, nyuzi tatu za zambarau.
Labda ni wa saluni ya Buguruni,
kichwa cha bibi harusi kilichofumuliwa Jumatatu,
ukapita mferejini, ukateleza bombani,
ukangoja topeni mguu upite.
Uliikata ngozi polepole, kama deni la riba,
na kwa mlango huo wakaingia
wasiojua kubisha hodi.

Tunasema: mfupa uliomshinda fisi.
Fisi ana taya, ana meno, ana kelele za usiku.
Hawa hawana hata mdomo.
Chini ya darubini wamekaa vishada vishada,
zabibu zilizoiva, watulivu
kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima.

Usaha wa ndege hautiririki.
Hukauka. Huwa kama ugali wa jana
uliolala bila kufunikwa,
tabaka juu ya tabaka, ndani ya maungio,
palipopaswa kuwa na ute wa kulainisha hatua.
Dawa hufika hapo, hugonga, hurudi.

Na kuna jingine, nilimwambia Ngwale,
sijui kwa nini nilimwambia:
mfupa wa bega la ndege una hewa.
Pumzi haiishii kifuani, hupenya hadi humo.
Huyu hupumua kwa bega.
Kwenye eksirei hewa huwa nyeusi.
Lake lilikuwa na ukungu mweupe,
kama kioo cha dirisha
ambacho mtu amekipulizia kwa ndani.

"Atatembea?"

Ngwale ana chuma cha inchi saba kwenye muundi
tangu bodaboda ya Tabata,
na tundu dogo ambalo hufumba kiangazi
na kufumbua masika.
Miezi hiyo huinusa soksi kabla ya kuivaa.
Aliyasema hayo bila huzuni,
vidole viwili vikiwa vimebana ule mdomo mrefu
asije akanidonoa.

Nikasema wengine hupona.
Ni kweli, wengine hupona.
Lakini sindano ilikuwa mezani tayari,
naye aliitazama, akatazama ukutani,
akaulegeza mdomo wa ndege
ili angalau
aende akiwa huru kudonoa.

Hakudonoa.

Nilikata, nikapima, nikaandika:
kifundo cha kushoto, bega la kulia, ini lenye madoa.
Mzani ulisema chini ya kilo moja.
Nilinawa mara tatu.
Kreti ilibaki mlangoni na manyoya mawili,
mfagiaji akauliza kama ni takataka,
nikakosa jibu la haraka.

Jioni simu ikaita.
"Nimewahesabu," Ngwale akasema.
"Wako arobaini na mmoja.
Mmoja amesimama mguu mmoja."

Ndege husimama hivyo wakipumzika, nikamwambia.
Huuficha mwingine tumboni, upate joto.

"Hilo nalijua, daktari.
Nipo nao hapa miaka kumi na mitatu."
Nikasikia maji yakigonga ukingo,
na nyuma yake mlio wa gari la machinjioni.

"Lakini huo wa pili
hajaushusha tangu saa sita."